Ujumbe wa Sindano

Wale wa Sayansi tulikariri mapema: seli zinaongea kwa njia mbili. Kuna neva, ambazo habari inaweza kukimbia hadi mita 100 kwa sekunde. Halafu kuna homoni, zinazomwagwa na tezi kwenye damu. Damu inazizungusha mwili mzima, ila seli yenye kipokezi chake tu ndiyo inayosikia.

Mimi somo hilo naishi nalo chumba kimoja. Mwenzangu ana kisukari aina ya kwanza. Kinga ya mwili wake mwenyewe iliua zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Misuli yake ina vipokezi vyote, inasubiri kuambiwa ichukue sukari, lakini mtuma ujumbe hayupo. Basi anautuma mwenyewe, kwa sindano, kabla ya msosi.

Zamani ugonjwa huu ulikuwa kifo. Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Akaishi miaka 13 zaidi.

Shida ni kwamba kongosho zima hupima sukari kila wakati na hujua kuacha. Sindano haijui. Ukishachoma, insulini inafanya kazi hata kama foleni ya kafeteria haisogei, lekcha imepitiliza, au bumu halijaingia na mfukoni huna kitu. Sukari inashuka. Hapo mwili unapiga kengele kwa njia zote mbili: ubongo unatuma amri kwa neva hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo zinamwaga adrenalini. Jasho linatoka, mikono inatetemeka, moyo unadunda. Ikishuka zaidi, ubongo wenyewe unakosa chakula. Maneno yanaburuzika, mtu anakuwa mkali bila sababu.

Muhula uliopita yalimkuta nje ya maktaba. Niliposhuka ngazi nikakuta watu wamemzunguka, mmoja anacheka, "Kalewa huyo, mwacheni." Mwingine anasema ni mapepo. Nusu chupa ya soda na dakika 15 baadaye, alikuwa anauliza begi lake liko wapi.

Wote pale walikuwa wasomi. Kati yao wapo waliofanya mtihani wa homoni na kufaulu vizuri tu.

Kwa hiyo jamani, ukimwona mwenzako mwenye kisukari anatoka jasho na kuchanganyikiwa, kama anaweza kumeza, mpe soda yenye sukari au juisi, usimpe ile ya "zero". Kaa naye. Kama hajitambui, usimtie kitu mdomoni; mlaze ubavu, ita msaada haraka. Halafu muulize jirani yako wa chumba leo hii, akiwa mzima: nikikukuta hivyo, nifanye nini?