SEHEMU YA 6: Treni, daladala na mtoto mgongoni

Mama mwenzangu wa Pugu, Gongo la Mboto na Vingunguti, leo siongelei uji wala meno. Naongelea usafiri, maana kila nikifungua kadi ya mtoto nikakuta chanjo ya miezi 9 imerukwa, nikiuliza jibu ni lilelile: "Sista, kufika huku shughuli."

Nawaelewa. Daladala ya asubuhi unaingia kwa kugombania, na mwenye mtoto mgongoni hagombanii. Konda anakwambia mshushe umpakate. Siti yenyewe iko wapi?

Unaikumbuka treni ya Mwakyembe ilipoanza, Oktoba 2012? Moja ya TRL, Stesheni hadi Ubungo Maziwa, nyingine ya TAZARA hadi Mwakanga. Ya Pugu ikafuata baadaye. Treni haijui foleni, na hilo kila abiria analipenda. Sasa kwa nini wewe bado unapanda daladala?

Kwa sababu treni ilipangwa kwa ajili ya mfanyakazi: asubuhi kwenda mjini, jioni kurudi. Wewe kliniki umemaliza saa tano. Utakaa stesheni na kichanga mpaka jua lizame? Daladala imebanana, sawa, lakini ipo. Ukiniuliza mimi, abiria wanapotelea hapo, wala siyo kwenye nauli. Hata treni mbili tu za mchana, zinazoondoka saa ileile kila siku, zingerudisha akina mama wengi. Najua reli ni moja na treni mpaka zipishane stesheni, kwa hiyo si jambo la kuamka na kulifanya. Ila lianze kupangwa.

Halafu kuna kipande cha kutoka nyumbani mpaka stesheni. Ukilipa boda kwenda na kurudi, unafuu wa treni umeisha. Na boda na mtoto mchanga, mnajua ninavyogomba! Vidaladala vya kusubiri treni pale stesheni vingemaliza kazi: daladala imlishe treni abiria badala ya kumnyang'anya. Na tiketi iwe moja, maana reli ya TRC na ya TAZARA hazilingani upana, behewa la huku haliwezi kupita kule, lazima ushuke ubadilishe.

Taa, kivuli, behewa la wajawazito na wenye watoto, hayo hata hayahitaji maelezo.

Niambie basi: stesheni yako ni ipi, na kliniki unamaliza saa ngapi? Na kama mwanao amepitisha miezi 9 bila ya surua na rubela, mlete hata kesho. Bado anachanjwa, na hakuna wa kukufukuza.