Chumba cha Kimya cha Chelsea

Mtu aendaye Chelsea, mjini London, hukuta karibu na mto Thames barabara fupi iitwayo Cheyne Row. Nyumba zake za matofali zimeshikana ukuta kwa ukuta, nazo zilijengwa mwaka 1708. Katika moja ya nyumba hizo walihamia, mwaka 1834, mwandishi wa historia Thomas Carlyle, mzaliwa wa Scotland, na mkewe Jane. Tangu 1895 nyumba hiyo ni makumbusho. Wageni huonyeshwa jiko na sebule, lakini chumba cha kustaajabisha kiko juu kabisa, chini ya paa.

Carlyle aliugua tumbo tangu ujana wake. Maumivu hayo hayakumwua, wala hayakumwacha. Alikuwa nayo mpaka uzeeni, na alifariki mwaka 1881 akiwa na miaka 85. Kila tumbo lilipomsumbua, na masikio yakawa makali. Kinanda cha jirani kilimwudhi, mbwa walimwudhi, nao wapiga vinanda vya barabarani ndio usiseme. Mwaka 1864 alitia sahihi pamoja na Charles Dickens kuunga mkono sheria ya kuwafukuza. Zaidi ya wote walikuwa majogoo. Waswahili husema jogoo la shamba haliwiki mjini. Majogoo wa Chelsea hawakuwa na habari ya methali hiyo. Husimuliwa kwamba jirani mmoja alijitetea kuwa jogoo wake huwika mara chache tu usiku kucha, naye Carlyle akamjibu kuwa kinachomtesa ni kule kungoja awike.

Basi mwaka 1853 akajengesha chumba cha kuandikia darini: kuta mbili mbili, na mwanga wa kutoka juu kwa dirisha la paani. Mafundi walileta vumbi na vishindo kwa miezi, na mmoja wao aliteleza miguu yake ikatoboa dari. Kazi ilipokwisha, majogoo ya karibu yalinyamaza kidogo. Lakini kengele za mbali, filimbi za magari moshi na honi za mtoni, ambazo hapo kwanza hazikusikika, sasa zikaingia kwa juu.

Si haki kumcheka. Leo waganga wanajua kwamba maumivu ya muda mrefu yaweza kuzoesha neva na ubongo kuwa macho kupita kiasi, hata sauti ndogo, mwanga au harufu vikapokewa kama shambulio. Wagonjwa wa kipandauso wanalijua jambo hilo vizuri. Mtu wa namna hiyo hadeki anapoomba redio ipunguzwe. Hata hivyo ukuta wa pili hauwezi kuzuia kitu kilichokwisha kuingia mwilini. Kabla ya London, Carlyle alikaa miaka sita katika shamba la Craigenputtock, upweke mtupu, na tumbo halikupona.

Kimya chochote kilichopatikana Cheyne Row kililetwa zaidi na Jane kuliko na mafundi. Yeye ndiye aliyekwenda kwa majirani kubembeleza, na hata kutoa fedha, ili kuku waondolewe. Naye mwenyewe alikuwa mtu wa kuumwa kichwa na kukosa usingizi miaka mingi, wala hakujengewa chumba. Mwaka 1863 alianguka barabarani akaumia vibaya; maumivu ya neva yaliyofuata yakamfanya ashindwe kuivumilia nyumba aliyokuwa akiilinda. Mwaka uliofuata alipelekwa pwani, St Leonards, lakini hata huko usingizi haukuja, ikambidi aende kwao Scotland kabla ya kurejea. Alifariki 1866.

Mle darini Carlyle aliandika historia ya Mfalme Frederick wa Prussia, vitabu sita, na vya mwisho vikatoka 1865. Kisha akateremka kuandikia chini, na chumba kile akapewa mtumishi wa nyumba kuwa mahali pa kulala.