Chinyimba Zimekula Nafasi Yote

Kitale, Septemba 2024

Mpwa wangu,

Mama yako amenieleza kwamba umegombana na kompyuta. Nimeifungua ile rekodi ya mtahiriwa akienda kualika jamaa, nikaisikiliza kwa spika kisha kwa visikizi. Ulitaka waimbaji wasikike, ukapandisha sauti, ukapandisha tena, na sasa wimbo mzima unakwaruza. Lawama umeitupia Audacity kwa kuwa ni ya bure. Acha hayo. Programu hiyo iko mikononi mwa watu tangu mwaka 2000, ilianzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, na kila unachohitaji kwa kazi hii kimo ndani yake. Kilichokushinda ni chinyimba, zile kengele za mtahiriwa.

Tazama mchoro wa sauti yako. Ile miiba mirefu inayogusa juu na chini ni kengele hizo zikigonga bangili za chuma. Katikati ya mwiba na mwiba kuna utepe mwembamba: hao ndio shangazi zako na kijiji kizima wakiimba. Sauti ya dijitali ina dari iitwayo desibeli sifuri. Kengele zako tayari zimeifikia, ilhali waimbaji wako chini kwa desibeli 18 hivi. Ukiongeza desibeli 6, urefu wa kila wimbi unakuwa maradufu, la mwimbaji na la kengele pia. Mwimbaji ana pa kukulia. Kengele haina, basi kilele chake kinakatwa na kubaki bapa, na ubapa huo ndio mkwaruzo unaousikia. Ndiyo maana ulipoiambia programu ipandishe sauti hadi kilele, haikubadilisha kitu: ilipima sehemu iliyo juu kuliko zote, ikakuta kengele imeshafika. Wewe ukatia alama kwenye kisanduku cha kuruhusu sauti ivuke dari. Kisanduku hicho kiache tupu.

Sisi tuliokuwa tukinakili kaseti tulidekezwa. Utepe ukizidishiwa sauti, vilele vilijikunja taratibu, sindano ikaingia kwenye nyekundu na msikilizaji asione ubaya. Dijitali haina huruma hiyo.

Kwa hiyo shughulikia kengele kwanza, waimbaji baadaye. Hifadhi nakala ya rekodi ya awali mahali usipoigusa. Kisha kata sauti nzito zilizo chini ya hezi 80: upepo ulioipiga maikrofoni, injini ya pikipiki, vishindo vya miguu. Spika ya simu haiwezi hata kuzitoa, ila zinakula nafasi kwenye mchoro. Sasa chukua limita, zana ya kushusha vilele. Ishushie kengele desibeli 6 hadi 8, usizidishe, na iachilie sauti baada ya milisekunde 100 hivi. Ikichelewa kuachilia, kila kengele ikilia waimbaji watazama kisha waibuke, kana kwamba kuna mtu anafungua na kufunga mlango wa studio. Ukishaona miiba imefupika, ndipo uwaendee waimbaji kwa kompresa ya upole, uwiano wa mbili kwa moja: kila desibeli 2 zinazopita kizingiti, moja tu ndiyo itoke. Toleo la 3.6 la Audacity lililotoka mwaka 2024 limeleta kompresa na limita mpya zinazokuonyesha kwa mchoro kinachopunguzwa huku sauti ikiendelea kucheza, kwa hiyo huna sababu ya kubahatisha. Mwisho kabisa pandisha yote hadi desibeli moja chini ya sifuri. Hiyo moja usiitamani. Kubana faili kuwa MP3 huweza kuinua vilele kidogo, na ukiwa umejaza hadi juu, mkwaruzo utaurudisha mwenyewe.

Lakini sijakuambia uzizime chinyimba. Bila chinyimba hiyo ni kwaya ya kanisa. Zibaki mbele, zibaki kali, ila zisimzuie mtu kusikia maneno.

Najua unataka rekodi yako ipige kwa nguvu kama nyimbo zinazochezwa kwenye matatu za Kitale hadi Webuye. Wakubwa nao walishikwa na tamaa hiyo. Mwaka 2008 kundi la Metallica lilitoa albamu iliyobanwa hadi mashabiki wake wenyewe wakalalamika kwamba inakwaruza. Isitoshe, YouTube hushusha yenyewe sauti iliyozidi kiwango chake, kwa hiyo uliyebana kupita kiasi unabaki na mchoro bapa na huna nguvu uliyoitafuta. Sikio nalo hudanganya: ukilinganisha matoleo mawili, lenye sauti kubwa zaidi litaonekana bora hata kama limeharibika. Yasawazishe kwanza kwa volyumu, ndipo uamue.

Ile rekodi nyingine, ya kumuse, yaani hotuba ya kuwafariji wafiwa, usiipitishie kompresa hata kidogo. Omuswali, mtoa hotuba hiyo, anatembea akizungumza, anawakaribia wafiwa, anawapa mgongo, anashusha sauti makusudi anapotaja marehemu. Kompresa haijui makusudi hayo. Akinyamaza, yenyewe itainua kikohozi cha mzee wa nyuma na mashine ya kusaga ya jirani. Tumia zana ya kuinua na kushusha kwa mkono: pale alipokwenda mbali pandisha desibeli 3 au 4, aliporudi shusha. Ni kazi ya jioni nzima, najua. Lakini wajukuu wa marehemu watakuja kuitafuta historia ya ukoo wao humo, na kunyamaza kwa omuswali ni sehemu ya maneno yake.

Msimu ujao wa tohara ni Agosti 2026, una muda wa kujiandaa. Usisimame karibu na mtahiriwa. Simama upande wa waimbaji, hatua kadhaa kutoka kwenye kengele. Simu nyingi hujishushia sauti zenyewe zikishtuliwa na mlio mkali, na mtikisiko huo hakuna programu ya kuutoa. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima tabia hiyo, urekodi kwa WAV, vilele vikifika kama desibeli 10 chini ya sifuri. Usiogope mchoro kuonekana mdogo. Sauti ndogo iliyo safi inapandishika. Iliyokatwa vilele tayari kwenye maikrofoni haiponi vizuri.

Ukimaliza hiyo ya mtahiriwa, nitumie kwenye WhatsApp kama dokumenti, si kama ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti hubanwa upya. Na unitumie pia ile ya awali, ambayo hujaigusa. Nataka kusikia kama simu yako ilizishusha zile kengele au la.

Khocha wako