Gari Moja Tangu Asubuhi

Msinicheke, lakini safari ile niliifanya kwa sababu ya daftari. Ilikuwa Agosti 2019. Mie na rafiki yangu tulikuwa Arusha, vijana wawili wenye miguu mizuri na mifuko mitupu, na nilikuwa nimewaahidi wenzangu wa kikundi chetu cha uandishi kwamba nitawaletea makala ya kusifia barabara zisizo na magari. Si unajua habari za baiskeli mjini: daladala inakubana huku, bodaboda inakuchomekea kule, na konda anakutukana kana kwamba ni wewe uliyepandisha bei ya mafuta. Nikajisemea moyoni, lazima ipo nchi ambayo mtu anaendesha baiskeli akasikia cheni yake mwenyewe. Mama yangu alizaliwa Mbulu, na kaka yake yuko huko mpaka leo. Basi, tukafunga baiskeli juu ya basi la Babati tukaondoka.

Tuliwekeana mchezo wa kuhesabu magari. Kila tutakalopishana nalo nitalichorea mstari kwenye daftari. Pikipiki hazihesabiwi, trekta tulibishana tukakubaliana kwamba nalo si gari.

Kutoka Babati mpaka Dareda hatukuhesabu kitu. Ile ni lami ya kwenda Singida, na malori ya mizigo yanapokupita yanakuvuta kwa upepo mpaka usukani unacheza. Mara mbili nilishuka nikasimama kwenye majani kama mbuzi. Lakini ukifika Dareda ukakata kulia, dunia inabadilika. Mbele yako kuna ukuta, na huo si mfano wa maneno, ni ukingo wenyewe wa Bonde la Ufa, na barabara ya udongo inaupanda kwa kona juu ya kona. Tulipanda tukisukuma kuliko kuendesha. Ukisimama kupumua ukageuka nyuma, unauona mlima Hanang umekaa peke yake, mita 3,417, kilele kikiwa ndani ya wingu, na bonde lote chini yake likiwa na rangi ya ngozi ya ng'ombe. Rafiki yangu, ambaye kwao ni Tanga, alisema hakujua kwamba Tanzania ina ghorofa.

Ghorofa ya juu ni baridi. Agosti ya Mbulu inauma masikio. Tulilala Dongobesh kwenye nyumba ya wageni, tukiwa tumevaa nguo zote tulizobeba, na asubuhi tukashika njia za ndani badala ya barabara kubwa, tukiulizauliza kwa watu. Hapo sasa ndipo nilipopata nilichokifuata. Njia ni udongo mwekundu uliokandamizwa na kwato, mwepesi chini ya tairi. Vilima vinapanda na kushuka kama shuka iliyokunjuliwa, mashamba ya mahindi yameshavunwa, na watoto wanakimbia kando yako wakikutaka upige kengele. Nilisikia cheni yangu. Nilisikia hata spoku moja iliyolegea. Saa tano likatokea Landrover moja la zamani, limejaa magunia na watu juu ya magunia, likatupita taratibu huku kila mtu akitupungia mkono. Nikachora mstari mmoja. Mpaka tunafika kwa mjomba saa kumi jioni, mstari ulibaki huohuo.

Mjomba wangu ni mtu wa maneno machache. Alitupokea, tukamwamkia, akaitikia, kisha akaiinamia baiskeli yangu akaikagua kama daktari: akazungusha tairi ya nyuma, akaikaza ile spoku kwa koleo, akauliza kama nina solusheni ya viraka. Yeye ana Phoenix nyeusi ya Kichina aliyoinunua kabla sijazaliwa, keria yake imeongezewa nondo. Usiku tulikula kande na maziwa ya mgando, na hapo ndipo kilipotokea kitu ninachokiandikia.

Nilikuwa nimeshiba na nimefurahi, na mtu akiwa hivyo hupenda kuwasifu wenyeji wake. Nikasema, "Mjomba, nyie huku mmebarikiwa. Mna barabara nzuri ajabu. Tangu asubuhi tumepishana na gari moja tu!"

Hakuna aliyejibu. Mke wa mjomba, ambaye sisi tunamwita Mama tu, aliinuka, akachukua sufuria ambalo bado lilikuwa na chakula, akaenda nalo jikoni. Rafiki yangu alinikanyaga mguu bila kujua kwa nini ananikanyaga. Mjomba akatazama taa kwa muda, kisha akasema, "Kesho nitawasindikiza kuelekea Haydom." Mazungumzo yakawa ni ya mbegu za maharage.

Asubuhi tuliondoka watatu. Lazima niseme kwamba mzee yule anajua baiskeli. Sisi tuna gia nyingi, yeye hana hata moja, na kwenye mlima tulimkuta ametangulia, ameshuka, anasukuma kwa hatua zilezile za polepole ambazo haziishi. Kwenye mteremko aliachia usukani mikono yote miwili, koti likipepea, mtu wa miaka sitini na ushee, akipiga mluzi. Nilidhani jambo la jana limepita. Njiani alinionyesha upande wa mashariki, kwenye milima ya Kainam, akaniambia huko ndiko alikotoka babu yake. Ndiyo nchi ya zamani ya Wairaqw, Irqwar Da'aw, ambako watu walilima miteremko mikali mpaka kila kipande, na nyumba walizichimba ndani ya kilima, paa likawa sawa na ardhi, ili Wamaasai waliokuja kuteka ng'ombe wasizione kwa urahisi. Walipoongezeka wakatawanyika kwa miguu hadi Dongobesh, Karatu na Haydom. Nchi hii ilijengwa na watu waliojificha wasifikiwe, nikawaza, na nikataka kuliandika hilo, maana lilikuwa na sauti nzuri.

Tukashuka kwenye korongo moja. Halina maji mwezi Agosti, ni mchanga na mawe tu. Mjomba akasimama, akailaza baiskeli, akakaa kwenye jiwe.

"Ile mvua ya El Niño unaijua?"

Nikamwambia nimezaliwa wakati wake, Februari 1998.

"Najua ulizaliwa lini. Wa kwetu alitakiwa kukutangulia kwa mwezi mmoja."

Aliisimulia kwa sentensi fupi, nami sitairefusha. Mama yako, akimaanisha mkewe, alishikwa na uchungu usiku, na mkunga wa kijiji akasema mtoto amekaa vibaya. Kulipokucha alimweka juu ya keria, akamfunga kwa kanga kiunoni mwake asianguke, wakaanza safari ya Haydom. Pale kuna hospitali ya Walutheri iliyoanzishwa na Wanorwei mwaka 1955, na watu wa pande zote huikimbilia. Matope yalikuwa yanashika tairi mpaka haizunguki. Alikuwa akisimama kuyakwangua kwa kijiti, anasukuma hatua ishirini, anakwangua tena. Walipofika korongoni maji yalikuwa yamejaa. Wakasubiri yapungue, na wakati wanasubiri akawa anasikiliza kama kuna muungurumo wa injini, upande huu au ule.

"Mtoto alizaliwa hapa," akasema. "Hakulia."

Gari lilikuja saa saba mchana, lori la maharage lililokuwa limenasa tangu jana yake. Dereva alisubiri nao maji yashuke, akamvusha Mama, akamfikisha Haydom, na ndiyo maana yuko hai na alituandalia kande.

"Gari moja tangu asubuhi," mjomba akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayenirudishia kitu nilichodondosha.

Nilitafuta la kusema nikalikosa. Mwisho, kwa upumbavu wa ujana, nikauliza kama lami ikija hatasikitika, maana nimemwona kwenye mteremko, nimemsikia akipiga mluzi, na najua anaupenda ukimya ule kama mimi. Akacheka kweli.

"Wewe mtoto wa mjini. Kwani baiskeli haipiti kwenye lami?"

Akatuacha pale, akageuza kurudi. Tulifika Haydom siku ya mnada. Kwa mtu anayependa lugha, mahali pale ni karamu: Kiiraqw cha Wakushi, Kidatoga cha Wanailoti, Kinyiramba cha Wabantu, na kama una bahati utasikia midoko ya Wahadzabe waliopanda kutoka bonde la Yaeda. Siku nyingine ningejaza kurasa kumi. Siku ile nilinunua viazi vya kuchoma nikakaa nikautazama uzio wa hospitali.

Kutoka Haydom tuliteremkia Basotu, na huko njia ni tambarare na zimenyooka kama zimepigwa rula. Zilipigwa rula kweli. Ni nchi ya yaliyokuwa mashamba ya ngano ya NAFCO, yaliyofunguliwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, mashamba saba, takriban ekari laki moja za malisho ya Wabarabaig, makaburi ya wazee wao yakiwa humohumo. Kijiji cha Mulbadaw kilishtaki kikashinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikalipa ushindi shirika. Tuliendesha bega kwa bega katikati ya barabara, saa nzima bila kuona gari, na sikuchora wala kutochora. Kijana mmoja mchunga ng'ombe, wa rika letu, fimbo begani, alitusimamisha akauliza tunapeleka nini. Tukamwambia hatupelekei kitu, tunatembea tu. Akatutazama kwa huruma akatuonyesha mahali penye maji.

Tulilala Katesh, chini ya Hanang, kwenye chumba ambacho dirisha lake lilitazama mlimani. Niliuona mzuri, nikauandikia mistari minane. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima huohuo ulishusha matope, mawe na magogo juu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa, na lami ile ya Singida ikafunikwa. Mistari ile sijaifuta, ila siwezi kuisoma.

Makala niliyowaahidi wenzangu sikuipeleka. Niliwaambia daftari lililowa. Wakati huu vipande vya lami kati ya Mbulu na Haydom vimeshaanza kuwekwa, na kuna watu, nami nikiwemo siku nikiwa na hasira na jiji, watakaosema uzuri umeharibiwa. Juzi nilimpigia mjomba. Tulisalimiana, tukaongea habari za mvua na za Mama, ambaye alichukua simu akaniuliza kama nimeoa. Simu iliporudi kwa mjomba nikamuuliza, leo mangapi?

Hakuuliza nini. Akasema, "Saba. Na basi halijapita."