Kifaa Kimeng'olewa, Anwani Je?

Ndugu wanachama, msinicheke. Mwaka huu sileti shairi. Naleta habari za tumbo la kompyuta, maana jambo hili limenikalia kichwani tangu tusome habari za Linux, ule mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991.

Kiini cha mfumo endeshi ndicho kigawaji cha kumbukumbu. Kadi ya picha ikichomekwa, kumbukumbu yake hupewa anwani. Programu ikiomba, kiini huiandikia anwani hizo katika jedwali lake, na kuanzia hapo programu husoma na kuandika ndani ya kadi bila kubisha hodi tena. Raha kweli! Lakini ziko mashine ambazo kadi huweza kung'olewa zikiwa zinafanya kazi. (Siyo ile habari ya flashi, flashi shida yake ni data ambayo haijamaliza kuandikwa.) Kadi ikitoka, programu haina habari, anwani bado inayo. Ikisoma, mara nyingi hupata tarakimu 1 tupu zimejipanga, ati ndiyo data. Na kama anwani zile zimekwisha kupewa kadi nyingine, itaandika upuuzi wake katika shamba la watu.

Sisi wa Kericho na Bomet hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Mama yangu hupeleka majani chai kituoni kwa nambari ya mkulima. Karani hapimi sura, hupima kilo na kuzitia kwenye nambari. Sasa tuseme jirani amefunga nambari yake, ikapewa mkulima mgeni, na kibarua wa jirani bado anaitaja ile ile. Kilo zitaenda kwa mgeni, na bonasi pia. Kwetu bonasi ndiyo karo, bana, si mchezo.

Kwa hivyo kiini hukataa kwanza maombi mapya. Kisha hupitia jedwali la kila programu iliyopewa anwani zile na kuzifuta. Hapo kazi haijaisha, kwa sababu kila prosesa huweka pembeni nakala ya anwani ilizotumia karibuni, kama karani anayejua nambari ya mama kwa kichwa. Nakala hizo nazo lazima zifutwe, prosesa baada ya prosesa, ndipo anwani iwe huru kupewa mwingine.

Programu ikijaribu kugusa anwani iliyofutwa hupigwa na ishara iitwayo SIGBUS, na isipokuwa imejiandaa, hufa. Mwenzangu mmoja alisema huo ni ukatili. Mimi naona afadhali ife hadharani kuliko iendelee kuharibu mali ya wengine kimyakimya.

Tangu mwaka 2007 Linux ina utaratibu wa kuzirudisha zenyewe mali alizochukua draiva kifaa kinapoondoka. Lakini jamani, huo hufuta ramani za draiva ndani ya kiini tu. Zile zilizokwisha kupewa programu, mwandishi wa draiva bado anazo za kuzifikiria mwenyewe.