Ripoti ya Mtoto Asiyeshika Nafasi

Shule zetu za msingi zinapofunga, mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, mtoto hupewa ripoti aipeleke nyumbani. Mzazi akiipokea, macho yake hukimbilia mstari mmoja: amekuwa wa ngapi, kati ya wangapi? Kwa watoto wengi swali hilo lina karaha yake, lakini huvumilika. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, jibu lake huwa ni hukumu.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja wilayani Temeke iliyokuwa na kitengo cha elimu maalum: chumba kimoja, walimu wawili na watoto 14. Fomu za ripoti tulizoletewa zilikuwa za aina moja kwa shule nzima. Zilikuwa na nafasi ya Hisabati, ya Kiswahili na ya Sayansi. Hazikuwa na nafasi ya kufunga vifungo vya shati, wala ya kuomba ruhusa kwenda chooni, wala ya kuvuka barabara. Mtoto aliyehangaika miezi sita hadi akaweza kuvaa viatu vyake mwenyewe, fomu ile ilimpa sifuri kila somo na neno moja: dhaifu. Ilikuwa sawa na kupima maji kwa rula.

Walimu wale wawili walikuwa wamesomea elimu maalum katika Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha. Walimwekea kila mtoto daftari lake, lenye kuonyesha alikoanzia, alipofika na hatua inayofuata. Mtoto akawa anapimwa kwa jana yake, si kwa jirani yake. Tukaacha kutuma fomu, tukawaita wazazi mmoja mmoja, siku ya Jumamosi. Tulichagua Jumamosi kwa sababu siku za kazi alikuja mama peke yake, ilhali katika nyumba nyingi aliyetoa nauli ya daladala alikuwa baba.

Baba mmoja, fundi seremala wa Mbagala, alikaa kwenye benchi akauliza bila kuzunguka: "Mwalimu, kaka zake hawana madaftari. Niambie kweli, nauli ya huyu si naitupa tu?"

Mwalimu wa darasa hakumpamba mtoto. Alisema, "Baba, kusoma gazeti huenda asiweze. Lakini Januari hakuweza kukaa kitini dakika tano. Sasa anakaa kipindi kizima. Ananawa mikono bila kuambiwa. Muhula ujao tutamfundisha kutenga vitu kwa ukubwa wake."

Yule fundi alinyamaza. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Mbona hilo analifanya? Nikimtuma misumari ya inchi tatu, haniletei ya inchi nne."

Mwalimu akafungua daftari, akaliandika jambo hilo mbele yake, na mpango wa muhula ukabadilika palepale: badala ya kutenga vitu, mtoto angefundishwa kuvihesabu. Muhula uliofuata nauli iliendelea kutoka.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba ripoti ya mtoto wa namna hii haiwezi kuandikwa na shule peke yake. Shule humwona saa chache. Nyumbani wanamwona alfajiri, jioni na siku za ugonjwa. Mzazi asipoulizwa, nusu ya maendeleo ya mtoto hubaki uani.

Yako mambo mawili ya kuyaepuka. La kwanza ni maneno matamu. "Anaendelea vizuri" humfurahisha mama leo, na mwakani humfanya aulize kwa nini mwanawe hajui kusoma. Mficha maradhi, kifo humuumbua. La pili ni kumzungumza mtoto akiwa amekaa hapohapo, kana kwamba hasikii. Anasikia, na mara nyingi anaelewa sauti hata pale asipoelewa neno.

Leo mambo yamesogea. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyu kusoma, na Dar es Salaam ina shule zinazojulikana kwa kazi hiyo, kama Sinza Maalum, Mtoni Maalum na Uhuru Mchanganyiko. Lakini sheria haimwamshi mtoto saa kumi na moja alfajiri ili awahi gari. Anayemwamsha ni mzazi, naye ataamka maadamu anaona kwamba safari ina faida.

Kwa hiyo, mwalimu kijana, ripoti yako iwe na sentensi tatu: alichokuwa hawezi, anachoweza sasa, na jambo moja dogo la kufanya nyumbani. Sentensi ya nne iache wazi, mpe mzazi kalamu.