Honi Inayokutoa Barabarani

Baiskeli iliyoumia ikiletwa kibandani kwangu Maganzo, mara nyingi najua kilichotokea kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Rimu ya nyuma ikiwa imekunjika na spoki zimechomoka upande mmoja, aligongwa kutoka nyuma. Uma wa mbele ukiwa umerudi ndani mpaka taili linagusa fremu, aliingia korongoni. Usukani ukiwa umechubuka kwenye ncha ya kulia na mpira wake kuchanika, kioo cha gari kilimpitia. Lakini ninazozipokea zaidi ya hizo zote ni zile zenye pedeli ya kushoto iliyopinda kuelekea ndani na udongo mweusi umejaa kwenye mshikio wa kushoto. Huyo hakugongwa na mtu. Alipigiwa honi, akatoka kwenye lami kwa haraka, akaanguka. Trafiki hana habari zake kwa sababu hakuna gari lililomgusa, na dereva aliyemtoa barabarani ameshafika mbali bila kujua kwamba nyuma yake kuna mtu chini.

Hao wa pedeli ya kushoto ndio ninaotaka kuwasemea. Mimi ni fundi baiskeli, na mwenyewe naja kazini kwa baiskeli kila siku kutoka upande wa Mwigumbi, kwa barabara kuu ileile ya Shinyanga kwenda Mwanza. Ninachokisema nakiona kwa macho asubuhi, kisha mchana nakinyoosha kwa spana.

Kishapu, wilaya yetu, haikuanza kuendesha baiskeli jana. Wazee wetu walipanda Phoenix za Kichina na Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam, wakapeleka pamba gulioni na wagonjwa hospitali ya Kolandoto. Shinyanga mjini baiskeli zilibeba abiria kwa nauli, zikaitwa daladala, miaka mingi kabla pikipiki hazijajaa. Hadi leo ukisimama Maganzo, mji uliokua kwa ajili ya almasi ya Mwadui, utaona kila kinachobebeka kikipita juu ya keria: gunia la mkaa, madumu ya maji, tenga la kuku, majani ya ng'ombe, mama na mtoto wake mgongoni. Barabara ya lami imetukuta tukiendesha. Kwa hiyo dereva anayechungulia dirishani na kunipigia kelele, "Mzee, toka barabarani!", ananishangaza kila mara. Nitoke niende wapi?

Honi ina kazi yake. Dereva akiniona kwa mbali akapiga mara moja, kifupi, nashukuru, maana ananijulisha kwamba yupo. Ninayoizungumzia ni nyingine. Inaanza akiwa mbali na haikatiki, mguu wake uko palepale kwenye mafuta, na maana yake ni moja: mimi sipunguzi, tafuta pa kwenda. Mara nyingi inapigwa wakati mbele kuna lori linakuja. Basi lina upana wa mita mbili na nusu hivi, na lori vilevile. Yakikutana yanachukua mita tano bila kuhesabu vioo. Mabaki ya lami ni haba, na dereva ameshaamua kwamba hayo mabaki si yangu pia.

Sasa tazama ninakotakiwa kushukia. Udongo wa kwetu ni wa mbuga, ule mweusi. Mvua ikinyesha unavimba na kuteleza, kiangazi unakauka na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Bega la barabara lililokaa juu ya udongo huo halitulii. Maji yanakula kifusi, magari yanayopaki yanakimega, na baada ya misimu michache ukingo wa lami unabaki umening'inia. Zipo sehemu kati ya kwangu na Maganzo ambako kutoka juu ya lami hadi chini ni shubiri nzima. Gari halisikii kitu hapo. Taili la baiskeli ni jembamba, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Kushuka kwenyewe kuna hatari, lakini kupanda kunaua zaidi. Mtu akishashuka, basi likampita, anataka kurudi juu bila kusimama. Anaelekeza taili la mbele kwenye lami polepole, sambamba na ukingo. Taili halipandi. Linajisugua kwenye ukingo, usukani unakataa kugeuka, na mwili unaendelea kwenda kulia, yaani katikati ya barabara, mbele ya gari la pili. Ndiyo maana kila anayeniletea baiskeli namwambia jambo hilohilo: ukishashushwa, simama, weka mguu chini, nyanyua baiskeli kwa mikono, kisha ndipo uendelee. Anayebeba gunia mbili za mkaa hawezi kunyanyua. Yeye anachagua kubaki kwenye lami na kusali.

Upepo nao una yake. Basi linalokwenda kasi linakusukuma kwanza nje, halafu linapomaliza kukupita linakuvuta ndani, nyuma yake. Asiyezoea anapambana na msukumo wa kwanza kwa kuegemea kulia, ule mvuto wa pili unamkuta ameshaegemea hukohuko. Gunia likiwa nyuma, mambo ni mabaya maradufu.

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 imeweka kilometa 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na mabasi na malori makubwa hayaruhusiwi kuzidi 80 hata kwenye barabara tupu. Mwendesha baiskeli naye amepewa wajibu wake humohumo. Mtu hapewi wajibu wa namna ya kutumia barabara ambayo hana haki ya kuwapo. Lakini madereva wengi sheria wanaijua kwa jina la tochi, kile kipima mwendo cha trafiki. Wakikaribia mahali trafiki alipo na tochi yake, wenzao wanaokuja wanawawashia taa, mwendo unashuka, basi linapita taratibu kama la harusi. Likishavuka, dereva anatafuta dakika alizopoteza, na anazitafuta kwetu, kwenye vijiji visivyo na tochi.

Nisiseme mabasi peke yake. Michomoko, hizi gari ndogo za abiria, zina ugonjwa wa kusimama. Inakupita, inakata kushoto mbele ya taili lako na kusimama hapohapo kwa sababu mtu kanyoosha mkono, na mlango unafunguliwa kabla hujashika breki. Bodaboda wanapita kushoto kwangu, kwenye bega lenyewe ninalotakiwa kukimbilia, na mshikaki wa watu watatu nyuma. Kijana wa bodaboda ni ndugu yetu, wengi wao walianzia kwenye baiskeli, na huwa nawaambia pale kijiweni: wewe unajua breki ya baiskeli iliyobeba mzigo inavyoshika, sasa mbona unanikatia? Baadhi wanasikia.

Na sisi wa baiskeli tuna letu. Taa karibu hakuna. Zamani baiskeli ilikuja na dainamo inayosugua taili na taa ya kuwasha kijiji, siku hizi zinakuja kapa, na mtu anaendesha usiku akiwa na nguo nyeusi, bila hata kipande cha rifrekta. Dereva anayemulikwa na taa kali za gari linalokuja hawezi kumwona mtu huyo hata akiwa malaika. Tangu Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa kutembea usiku kucha, na alfajiri yetu imebadilika. Saa kumi na moja zamani barabara ilikuwa ya wenye maziwa na mkaa. Sasa muda huo linapita basi lililotembea usiku mzima, na usingizi wa dereva haumwachi kwa sababu tu kumekucha. Kwa hiyo baiskeli yoyote inayotoka kibandani kwangu, nikiwa na rifrekta, inatoka nayo kwenye madigadi ya nyuma, mwenyewe atake asitake, na silipishi.

Mama mmoja aliniletea baiskeli ya binti yake wa sekondari akiisukuma kwa taili moja, la nyuma limefungwa kwa mpira. Pedeli ya kushoto ilikuwa imelala.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mayu. Imekuwaje?"

"Mtoto kaanguka. Gari lilimpigia honi."

"Lilimgusa?"

"Halikumgusa."

"Dereva alisimama?"

"Asimame kwa nini, fundi? Yeye hajagonga mtu."

Binti alikuwa amechubuka goti na kiganja, nguo ya shule imechanika, daftari zimelowa tope. Wiki ile alikwenda shule kwa miguu, na kwa walio mbali, miguu maana yake ni kufika darasani vipindi vimeanza. Mama yake hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniuma kuliko pedeli. Alilichukua jambo kama mvua ya mawe, kitu kinachotokea.

Kuna siku basi liliharibika jirani na kibanda changu, dereva akaja kuomba spana na kivuli. Mtu wa heshima, wa umri wangu. Tulipozoeana nikamuuliza kwa nini hawapunguzi. Hakukataa. Alisema baiskeli anaiona, ila akipunguza kwa kila baiskeli hafiki, na ofisini wanamuuliza muda wa kufika tu. Nikamwomba tupige hesabu pamoja. Basi la kilometa 80 kwa saa linakula mita 22 kwa sekunde moja. Baiskeli yenye mzigo inakwenda mita nne. Lori linalokuja nalo linakimbia hivyohivyo kama basi, kwa hiyo hata likiwa mbali mita mia mbili, sekunde kumi haziishi litakuwa limeshapita. Kinachotakiwa ni aondoe mguu kwenye mafuta, akae nyuma yangu lori lipite, kisha aniovateki akiwa na njia yote. Alikaa kimya akihesabu, halafu akasema baiskeli anazokutana nazo wakati mmoja na lori, kati ya Shinyanga na Mwanza, pengine hazizidi ishirini kwa safari. Hata kila moja ikimla sekunde kumi, hesabu yake ilikuwa dakika tatu na kidogo. Basi lake siku hiyo lilikaa pale kwangu saa mbili kwa sababu ya mkanda wa injini.

Wenzetu huko Ufaransa wameandika kabisa kwenye sheria: ukimpita mtu wa baiskeli mjini umwachie mita moja, nje ya mji mita moja na nusu. Kipimo kama hicho kwetu kingemsaidia trafiki, maana leo hata akimsimamisha dereva aliyemshusha mtu, atamwandikia nini? Kilichoandikwa kwa namba kinapimika. Nawaomba wabunge wetu wa kanda hii, ambako baiskeli ni uchumi wa nyumba nyingi, walipeleke jambo hilo. Kwa wenye mabasi ombi langu ni dogo zaidi: ratiba ya dereva ihesabu na sisi. Wanaojua kupanga dakika za abiria kula na kujisaidia watazipata dakika tatu za baiskeli.

Na bega la barabara halihitaji bunge. Wahusika wa barabara kuu wanajua pa kuchimba changarawe. Kazi ni kumwaga, kulowesha, kushindilia mpaka bega lilingane na lami, kuanzia kwenye vijiji na karibu na shule, na kurudia kila kiangazi kwa sababu udongo wa mbuga haukubali kutengenezwa mara moja. Kuchimbua kwa jembe na kumwaga udongo uleule mweusi, kama nilivyowahi kuona, hakufai, mvua mbili tu unaondoka. Mvua za kwetu zinaanza Novemba. Kifusi kikishindiliwa Septemba na Oktoba, wanafunzi watakaofungua shule Januari watapata pa kushukia wakipigiwa honi.